Mpini wa Mutamaiyu

Watu wa Mukurweini walimjua Kahiga kwa koti lake. Hata Januari, jua linapowaka mpaka majani ya migomba yananyong'onyea, yeye alikuwa ndani ya koti la kijivu, amefunga kifungo kimoja tu cha katikati, jasho likimteremka shingoni. Mgeni akiuliza kama mzee yule ana homa, wenyeji walicheka wakamwambia, "Homa gani? Ako na mtu wa pili hapo kwa kiuno."

Mtu huyo wa pili alikuwa bastola. Na usije ukaiita bunduki mbele ya mwenyewe, maana ungesimamishwa hapo hapo barabarani ufundishwe tofauti mpaka maziwa yako yagande. Ilikuwa bastola ya kujipakia yenyewe: ukifyatua risasi moja, ya pili inapanda bila kuambiwa. Ilikuwa na leseni, na mwenyewe alikuwa amefanyiwa mtihani wa kulenga shabaha akafaulu. Lakini fahari ya Kahiga haikuwa katika chuma. Ilikuwa katika mpini.

Mpini wa plastiki uliotoka nao kiwandani aliukataa. Alifunga vipande vya mbao katika gazeti akavipeleka Nairobi kwa fundi wa silaha, akamsihi na kumsumbua mpaka fundi akakubali kuvichonga. Mbao zenyewe zilikuwa za mutamaiyu, mzeituni wa porini, mti mgumu ambao mchwa huonja na kuacha. Fundi alizilainisha zikaenea katika kiganja kifupi cha Kahiga, akakirekebisha na kifyatulio kikawa chepesi kwa kidole chake. Mtu mwingine angeishika angejiona amevaa kiatu cha mwenzake. Hakuna aliyewahi kuishika, lakini ndivyo Kahiga alivyopenda kusema.

Warigia, mkewe, alisikia sifa hizo mara nyingi, na hakuzicheka hata siku moja. Yeye alijua mti ule ulikuwa umesimama wapi. Ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba ya Mwai.

Mwai alikuwa ndugu mdogo wa Kahiga, wa kuachiana ziwa. Walianza biashara pamoja kwa baiskeli na mikebe ya maziwa, wakapanda wakanunua pikapu, wakapanda tena wakanunua lori la kupeleka ndizi Kenol na mbele yake. Mwai aliendesha, Kahiga akapatana bei, na njia nzima walibishana kwa sababu Mwai hakujua kunyamaza. Anita, binti wa pekee wa Kahiga na Warigia, alipokuwa shule ya msingi, ndugu hao wawili walisimamishwa na majambazi asubuhi na mapema karibu na Kenol. Kahiga aliinua mikono. Mwai naye aliinua, lakini mdomo wake haukukubali kuinuliwa. Aliwaambia wale watu kwamba ndizi bado mbichi, wangoje kidogo ziive. Wakampiga risasi kifuani.

Kahiga alikaa juu ya lami akiwa na kichwa cha ndugu yake mapajani mpaka watu wakaja. Alipofika nyumbani, shati limekauka damu, Warigia alimuuliza ilikuwaje. Alimjibu neno moja tu, na miaka yote iliyofuata hakuongeza lingine juu yake.

"Nilikuwa mikono mitupu, Warigia."

Basi ndiyo ikaja habari ya leseni. Warigia alikataa. Alisema nyumba yenye mtoto si mahali pa kitu kama hicho, akamwita mchungaji, akamwita na mama mkwe. Haikusaidia. Mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, ila wahenga hawakusema ufanye nini mtoto huyo akiwa ni mume wako na ndevu zimeanza kumtoka mvi.

Kahiga hakuwahi kumfyatulia mtu. Hili lazima lisemwe, maana wako waliompaka matope baadaye. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea na ng'ombe kama anaongea na wakwe. Lakini bastola ilimtenga. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, na nafasi ya pembeni yake ilibaki wazi hata siku ya Krismasi. Kwenye matanga watu walimpa mkono na kurudi nyuma hatua mbili. Anita alikua akijua kwamba babake anakumbatiwa kutoka upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia una mwenyewe. Mtoto hakuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Alidhani baba wote wako hivyo.

Kila Jumamosi, maziwa yakishakwenda, Kahiga alitandika gazeti juu ya meza akaifungua bastola kipande kwa kipande. Aliipangusa, akaipaka mafuta, akausugua mpini kwa kitambaa cha flaneli. Warigia alipita na chai, akapita na kuni, akapita na kuku. Hakuwa akijifunza chochote, lakini jicho halina adabu, huchukua hata lisilotumwa. Alijua magazini, kile kisanduku cha risasi, inachomolewa wapi. Alijua pia kwamba ukiichomoa bado hujamaliza, maana huenda risasi moja imebaki ndani ya mtutu, na hiyo hutoka tu ukivuta kile chuma cha juu kurudi nyuma.

Ugonjwa ulikuja polepole, ukajifanya uzee. Mara Kahiga amesahau mikebe ya maziwa kando ya barabara. Mara amemwita mbwa kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Siku moja alikwenda Nyeri mjini, mji alioujua kama kiganja chake, akaonekana amesimama stejini akiuliza kila mtu kama Mukurweini ni mbali. Mtu wa kwao alimpandisha gari akamrudisha. Warigia alicheka mbele za watu, akasema ni jua. Akiwa peke yake jikoni alilia.

Kisha siku moja alitia kibakuli katika debe la unga achote wa ugali, kikagonga kitu. Alipapasa akatoa bastola, mpini wa mutamaiyu umejaa unga mweupe.

Alimpeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alimwambia kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, kwamba kuna dawa za kupunguza mwendo lakini hakuna ya kurudisha nyuma. Akauliza, "Nyumbani kuna kitu hatari, mama? Kitu anaweza kujiumiza nacho?"

"Ni panga tu," Warigia akasema. "Na ndume moja, lakini hiyo imefungwa."

Hakuwa mwanamke wa kusema uongo. Alitoka pale, Kahiga akiwa amemshika mkono, koti limefungwa kifungo kimoja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Warigia aliijua methali hiyo vizuri kuliko mimi na wewe. Lakini alijua pia jambo ambalo daktari hakulijua. Kahiga alikuwa anasahau barabara, anasahau majina, anasahau kama amekula. Ila mkono wake haukusahau kiuno. Kila asubuhi, kabla hata ya kumtambua aliyelala naye, alipapasa pale, akapata ule mpini, na uso ukatulia. Kumnyang'anya ilikuwa ni kumwambia kwamba amekwisha.

Anita alipokuja kutoka Nanyuki anakofanya kazi, akaona hali ilivyo, hakuzunguka. "Mami, hiyo kitu irudishwe polisi. Kesho."

"Ngoja ruracio ipite, wakwe walete mahari yako," Warigia akamwambia. "Baba yako akae hiyo siku akiwa mtu mzima. Hiyo moja tu. Kisha mimi mwenyewe nitampeleka."

Anita alikuwa ameposwa na Kim, kijana mtaratibu wa kuuza vyuma vya kujengea, na wazazi wake walikuwa watu wa Kenol. Warigia alikuwa ameogopa kumtajia mumewe mji huo. Lakini siku alipoutaja, akili ya Kahiga ilikuwa imetulia, akasema, "Kenol ilichukua mtu yetu. Wacha ilete mwingine." Anita akamkumbatia, kutoka kushoto.

Kwa hiyo Warigia akajipa kazi. Kila asubuhi Kahiga alipokuwa akioga, bastola ikiwa imening'inia kwenye ala yake ya ngozi nyuma ya mlango, alichomoa magazini, akaondoa risasi zote, akavuta chuma cha juu, risasi ya mtutuni ikaruka akaidaka na leso. Alizificha kwenye mkebe wa zamani wa mafuta ya Kimbo, ndani ya stoo ya kahawa. Kahiga naye jioni pengine alipata risasi nyingine katika kabati akaijaza bastola tena, kwa hiyo kazi haikuwa na mwisho. Siku moja alipoivaa alisita, akaipima kwa mkono.

"Leo ni nyepesi," akasema.

"Ni wewe umepata nguvu," Warigia akamjibu, na mumewe akatabasamu kama kijana aliyesifiwa.

Ikafika siku ya ruracio. Tangu alfajiri boma lilijaa wanawake, masufuria, moshi na maagizo yanayopingana. Warigia aliingia chumbani mbio wakati maji yanasikika bafuni. Alichomoa magazini akazimimina risasi mfukoni mwa aproni. Papo hapo mtu akagonga dirisha. "Mama Anita! Mafuta ya kupika iko wapi? Vitunguu inaungua!" Akarudisha kila kitu kwenye ala, akatoka.

Kahiga aliketi chini ya hema pamoja na wazee, amenyolewa vizuri, koti limepigwa pasi. Alikunywa uji, akacheka panapofaa kucheka. Wazee waliomzunguka walisema moyoni kwamba maneno ya watu ni maneno tu, mbona mzee ni mzima. Warigia alimtazama kutoka mbali na kifua chake kikajaa. Ndicho alichokitaka, hicho tu.

Sasa, watu wa kwetu wakija kuposa hawaingii tu kama wanaingia sokoni. Lango hufungwa. Wanawake wa kuposa husimama nje waimbe, wabembeleze, waringe. Wanawake wa boma nao hujibu kutoka ndani, wawatanie na kuwakatalia, na lango litikiswe mpaka wenye nyumba waridhike. Kelele zikiwa nyingi ndiyo heshima ya binti. Kiongozi wa wanawake wa ndani alikuwa Watiri, jirani, mama mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alikuwa amelifunga lango kwa mnyororo wa ng'ombe, na aliposikia magari alipaaza sauti hiyo yote.

"Watu wa Kenol wamefika! Fungeni! Hakuna mtu anaingia hapa!"

Magari yakazima nje. Wanaume wakaita, vigelegele vikapanda, lango la bati likaanza kutikiswa, mnyororo ukipiga kelele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika maandalizi yale yote, watu wote wale wenye akili, hakuna hata mmoja aliyefikiria lango.

Kahiga alisimama. Hakusimama kama mgonjwa. Alitembea moja kwa moja, akafungua kile kifungo cha katikati, na wazee wakadhani anakwenda kuwapokea wakwe.

"Mwai!" akaita. "Mwai, lala chini!"

Warigia alikuwa ameshika sinia la mikate. Aliposikia jina hilo aliliachilia. Alikimbia huku akijiuliza jambo moja tu: alivuta chuma cha juu asubuhi, au hakuvuta? Alikumbuka magazini. Alikumbuka uzito wa risasi kwenye aproni. Alikumbuka dirisha na vitunguu. Ile ya mtutuni hakuikumbuka.

Alimfikia akiwa tayari ameinua mikono miwili, miguu imetanuka, kama alivyofundishwa. Lango lilikuwa limeachana kiasi cha mnyororo, na katika nafasi hiyo ulikuwa uso wa Magdaline, mama yake Kim, amevaa kilemba cha sherehe, mdomo ungali wazi katikati ya wimbo. Warigia akajitupa mbele ya mtutu.

"Baba Anita, ni wageni. Ni wageni wa Anita."

Kahiga alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mwanamke usiyemfahamu. "Toka hapo, mama," akamwambia. "Wataniulia ndugu." Akamsukuma pembeni kwa bega, taratibu ili asimwangushe, akalenga, akafyatua.

Ikalia ka.

Akafyatua tena kwa kile kidole kilichochongewa kifyatulio chake. Ka.

Kahiga aliishusha bastola, akachomoa magazini kwa ustadi wake wa kila Jumamosi, akachungulia ndani. Pengine ni ule mwendo wa mikono uliomrudisha, maana alipoinua kichwa alikuwa amerudi. Aliona hema. Aliona Anita amesimama na mikono kichwani. Aliona lango na yule mama nyuma yake anatetemeka. Kisha akamwona mkewe, na sasa alimjua.

"Ni wewe umetoa risasi?"

"Ni mimi."

"Warigia," akasema, "hata wewe umeniacha mikono mitupu."

Akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya sherehe. Warigia alikuwa amemwokoa Magdaline, ameokoa ndoa ya bintiye, na amemwokoa mume wake asife akiwa muuaji. Hakujisikia ameokoa chochote. Laiti angempiga kofi mbele ya wakwe, ingemuuma kidogo kuliko hayo maneno.

Wageni walirudi Kenol siku hiyo bila kula. Wazee wa pande zote mbili walikutana baadaye, wakasema silaha ikishaelekezwa kwa wakwe maneno hayaendelei mpaka kondoo aliwe pamoja, na akaliwa. Magdaline alikuja mwenyewe, akaketi na Warigia jikoni wakamenya viazi bila kuongea sana. Anita na Kim wakaoana. Hilo lilipona.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu iliyofuata ruracio, Warigia alitimiza ahadi. Alidhani atamburura. Kahiga asubuhi hiyo alikuwa ameamka na akili safi, na ingekuwa heri asingeamka nayo.

"Ningeua mama ya Kim?" akauliza.

"Haukuua mtu."

"Nimeuliza, ningeua?"

Warigia akachukua kiondo. Kahiga akavaa koti. Walikwenda Nyeri wawili, na mkebe wa Kimbo ndani ya kiondo. Kituoni Kahiga aliitoa bastola, akaipangusa kwa kitambaa cha flaneli mara ya mwisho, akailaza juu ya kaunta. Afisa aliyeipokea alikuwa kijana mwenye heshima. Aliupapasa ule mpini akasema hajawahi kuona mbao nzuri namna ile, ni mti gani?

"Ni ya ndugu yangu," Kahiga akamwambia. "Uipake mafuta Jumamosi. Usisahau."

Kijana akaahidi. Walipotoka nje Kahiga alivua koti, akalikunja juu ya mkono. Upepo wa mlimani ulikuwa baridi siku hiyo na watu wote wamejifunika. Yeye alitembea na shati tu mpaka stejini, mwembamba kuliko Warigia alivyomdhania miaka yote.

Kinachofuata hakisimuliki kwa raha. Kila asubuhi mkono ulikwenda kiunoni. Ulipapasa, ukarudi, ukapapasa tena. "Iko wapi?" aliuliza. Mwanzoni Warigia alimwambia kweli, kwa sababu alikuwa ameapa hatadanganya tena. Alimwambia waliirudisha polisi. Akauliza kwa nini. Akamwambia habari ya lango. Na Kahiga alilia kana kwamba imetokea jana, kisha akauliza Mwai alikuwa wapi wakati huo, na Warigia ikambidi amwambie na hilo, naye akafiwa upya. Kesho yake asubuhi ikawa vile vile. Kila siku alifiwa na ndugu kabla ya kunywa chai. Anita alipokuja alimkumbatia kutoka kushoto kama zamani, ingawa upande wa kulia haukuwa na kitu tena, na aliposhtukia alichofanya alitoka nje akasimama na ng'ombe.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na Warigia alikuwa amechoka. Kuchoka kule hakukuwa kwa kazi. Mkono wa Kahiga ulikwenda kiunoni, ukakosa.

"Bastola yangu iko wapi?"

Warigia alikuwa anamimina chai. Hakugeuka. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Mwai ako nayo. Alipitia hapa asubuhi, akaniambia anaenda Kenol, nikampatia."

Warigia akashika birika kwa mikono miwili, akingoja kilio. Kikombe kikasogezwa mezani.

"Ulimpatia na risasi?" Kahiga akauliza.

"Nilimpatia zote," Warigia akasema.

Kahiga akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Afadhali," akasema, na akaanza kunywa chai yake.